Picha Zilizooshwa kwa Ndoo Moja

Marehemu Bartholomeo Ngusa Maganga, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Nyamizi na wachimbaji walimwita Mzee Picha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji cha Mwamakoye, Shinyanga, akiwa mtoto wa tatu wa mfugaji. Mimi bintiye Nyamizi ndiye niliyepewa kazi ya kusoma wasifu wake, na yeye mwenyewe aliniagiza nisipunguze kitu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1973. Ng'ombe hakuwataka, na hakuficha. Mwaka 1977 alianza kujifunza kazi kwenye studio moja Shinyanga mjini. Alifundishwa kupiga, kusafisha mkanda wa filamu, na kuosha picha kwa maji mengi, saa nzima, mpaka dawa yote itoke kwenye karatasi, maana ikibaki huila picha baada ya miaka.

Mwaka 1984 alimwoa mama yetu, Suzana, aliyekuwa amefika studio kupiga pasipoti. Marehemu alimrudisha mara tatu akidai amefumba macho. Mama anasema mpaka leo, "Sikufumba hata mara moja." Mikanda ile ipo, na kweli hakufumba.

Mwaka 1989 alihamia Kahama, akawa anawafuata wachimbaji hadi machimbo ya karibu na Runzewe na kamera yake na hema la turubai. Kila mchimbaji alitaka picha ya kutuma kwao, hata kwa shati la kuazima. Lakini maji yalitoka mbali kwa baiskeli, na kiangazi yaligombewa. Hapo ndipo alipokosea. Mikanda aliiosha vizuri kwa sababu ndiyo iliyokuwa mtaji wake. Picha alizitia zote kwenye ndoo moja, akazitoa baada ya dakika chache na kuzianika kwenye kamba. Zilipendeza sana, akawaahidi watu kwamba hazitafutika.

Agosti 2009 alifika studio mama mmoja kutoka Tarime, Mama Mwita. Mwanawe Mwita alifukiwa na duara, yaani shimo la dhahabu, mwaka 1993, na picha aliyokuwa ametuma nyumbani ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Kola ya shati ilionekana, uso haukuwepo.

"Shikamoo, mama," marehemu alisema.

"Marahaba. Mwanangu aliandika kwamba wewe ulisema haitafutika."

"Nilisema, mama. Niliiosha vibaya. Kosa ni langu."

Alipekua mikanda siku tatu. Alipompata Mwita, aliisafisha picha upya na kuiosha kwa ndoo sita. Mama Mwita aliitazama, akakaa chini, akasema, "Ndiye."

Wiki hiyohiyo marehemu aliandika daftarini majina ya watu wote waliokuwa kwenye mikanda ya machimbo. Walikuwa 412. Akaanza kuwatafuta kwa basi, Runzewe, Geita, hadi mwaloni Nkome wanakoshusha samaki, kwa wenyewe au kwa ndugu zao. Dawa zilipoadimika madukani alijifunza skana akiwa na miaka sitini. Tulimwomba apumzike, tena mimi nilimgombeza. Alijibu, "Niliwaahidi, Nyamizi." Nilikasirika, na leo namshukuru.

Kisukari kiligundulika mwaka 2016, na kufikia 2021 macho yalikuwa yamegoma. Hakuacha. Mimi niliinua mkanda dirishani na kumweleza ninachokiona: kofia imekaa upande, kovu kwenye nyusi. Naye alinitajia jina na kwao. Alikosea mara mbili tu. Alifariki hospitalini Kahama, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 67. Alikuwa amerudisha picha 389.

Ameacha mjane, Suzana. Watoto watatu, Nyamizi, Ignas na Noela. Na wajukuu saba.

Wapo waliouliza kwa nini jalada la ratiba hii lina picha ya njano isiyoonyesha vizuri sura yake, wakati za simu tunazo. Mama aliipiga machimboni mwaka 1991, ikaoshwa kwenye ndoo ileile. Mkanda wake tunao. Marehemu alikataa isafishwe upya kabla ya za wengine, akasema yake iwe ya mwisho. Zimebaki ishirini na tatu, na daftari liko kwangu. Jumatatu naanza na Bwana Onesmo wa Nkome.

Pumzika, baba. Yako itakuwa ya mwisho, kama ulivyosema.