Hesabu za Binti wa Erasmus

Pale Makanyagio, Mpanda mjini, kuna benchi la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa gereji ya pikipiki ya Thadei. Wenyewe wanaliita Bunge. Kahawa ipo, kashata ipo, na hoja hazijawahi kupungua. Telesphor wa bodaboda anaitwa Profesa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui. Lyamba anaitwa Redio, na hilo halihitaji maelezo. Thadei mwenyewe ni Fundi. Jioni ile Fundi alikuwa ameshika kikombe mpaka kahawa ikapoa, uso umemkunjamana kama aliyelamba shubiri.

Kisa kilianzia asubuhi, kwenye kikao cha wazazi cha kufunga shule. Mwalimu mkuu alimwita mbele Verdiana wa darasa la nne, binti wa Erasmus fundi cherehani, akamrushia maswali ya kuzidisha. Mtoto alijibu hata swali halijatua. Kina mama wakapiga vigelegele. Kisha akaitwa Dina, binti wa Thadei. Dina alificha mikono mgongoni, na Thadei aliyekaa upande akaviona vidole vikihesabu, vikipotea, vikianza upya. Mwalimu alimwambia kwa upole akakae. Erasmus akamshika Thadei bega, akasema tu, "Watoto wanakua, jirani." Angejisifu, ingekuwa nafuu.

— Yule mtoto wa Erasmus si bure, Thadei aliwaambia pale benchini. Nyumba zetu zinatenganishwa na ua wa mabua. Mwalimu mmoja, darasa moja. Kwa nini wake?

— Samaki, Profesa alijibu bila kufikiri. Erasmus anakula vichwa vya migebuka kila wiki. Ubongo wa samaki unapanda kwenye ubongo wa mtoto. Haba na haba hujaza kibaba.

Thadei alisema hata kwake samaki wanaliwa. Profesa akamuuliza nani anakula kichwa. Thadei akainamia kikombe chake, maana kichwa anakula yeye.

Redio alikohoa kidogo, dalili kwamba ana habari. Alisema yeye hupita pale kwa Erasmus jioni. Erasmus anashona, mtoto amekaa chini karibu na cherehani, na wanarushiana namba kama mpira. Baba anasema nne mara nane, mtoto anajibu, anarudisha lake. Wakikosea wanacheka.

— Umesikia? Profesa alisema. Karibu na cherehani. Ile cherehani ilitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Ile ndiyo inayohesabu, tak tak tak, mtoto anapokea tu.

— Na huwa hamruhusu mtu mwingine aiguse, Redio aliongeza.

— Mficha uchi hazai, ndugu zangu. Huyo ameficha, ndiyo maana amezaa kipanga.

Methali ilikuwa imevunjika shingo, lakini Thadei hakuijali. Moyoni aliona raha. Cherehani ya Kongo ilikuwa afadhali kuliko jambo lingine alilokuwa analikwepa tangu asubuhi. Alikubali haraka, hata akaongeza kwamba usiku huisikia ikilia yenyewe. Alijua anadanganya.

Pembeni alikuwepo mama mmoja wa Mwese, Skolastika, aliyeleta maharage mjini kwa pikipiki ya mwanawe. Tairi lilikuwa limepasuka, na msaidizi wa Thadei alikuwa analiziba. Mama huyo alikuwa anakunywa kahawa yake muda wote. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, baba. Huyo binti yako, hesabu zinamshindia wapi?

— Zote, mama. Kichwa kizito.

— Zote hapana. Kujumlisha anajua? Kutoa? Nauliza anapofika wapi ndipo anakwama.

 Thadei akamtazama Profesa. Profesa akatazama barabara kama anasubiri abiria. Redio, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, alikosa habari.  Tairi lilipokwisha kuzibwa, Skolastika akashukuru, akapanda nyuma ya mwanawe wakaenda.

Thadei alifunga gereji jua likiwa bado juu ya paa. Njiani alipita mlangoni kwa Erasmus. Namba zilikuwa zinarushwa mle ndani, na kicheko juu yake. Wivu ukampanda tena, mchungu ule ule. Akakaza mwendo.

Dina alikuwa uani anapukuchua mahindi na mama yake. Baba alipoinama kumuuliza anakwama wapi kwenye kuzidisha, mtoto alimtazama kwanza mama, kuona kama ana kosa. Mama naye hakuelewa.

— Sikugombezi, Thadei alisema. Nataka kujua tu.

Dina alizungusha gunzi mkononi.

— Kwenye saba, baba. Mbili najua, tano najua, kumi najua. Nikifika saba zinanikimbia.

Zaidi ya miaka mitatu ya shule, na tatizo lilikuwa namba moja tu yenye jina. Thadei akavuta kigoda, akachota punje kwenye ungo.

— Panga saba hapa. Haya, saba nyingine chini yake. Ngapi?

Ng'ambo ya ua Verdiana alijibu baba yake kitu, wakacheka. Dina aligeuza shingo kule, kisha akamtazama baba yake usoni.

— Wale waache, Thadei alisema. Mimi nakuuliza wewe.

— Kumi na nne.

— Ongeza mstari.