Njegere za Studio ya Taratibu

Wasikilizaji wapendwa, mama mmoja alinong'onezwa sokoni: "Mwanao ni tapeli. Watu wanakwenda kupigwa picha, yeye anawamenyesha njegere."

Maneno hayo yalimganda. Akalala nayo, akaamka nayo. Mwanawe, tuliyemzoea kwa jina la Taratibu, ndiye tunayemkumbuka leo. Taratibu, mpiga picha wa watu wanaoogopa kamera.

Mama akajifunga kibwebwe, akaenda studio. Akamkuta nesi mkuu karibu na dirisha, ungo mapajani, anamenya njegere. Kazini walitaka picha yake, na kila alipokaa mbele ya kamera alikakamaa. Taratibu alikaa pembeni, kitufe cha kamera chenye waya mkononi, anamuuliza habari za wajukuu. Nesi akausahau uso wake. Akacheka. Kamera ikalia, tik.

Nesi alipotoka, mama akaanza. "Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Lakini mbona nusu ya njegere ziko sakafuni? Ndivyo unavyowaonyesha wateja? Nani kakufundisha kumenya?"

"Si wewe, mama?"

"Usinisingizie. Kaa hapo, nikuone."

Taratibu akajikunyata kwenye kiti cha wateja. Aliogopa kamera kuliko wateja wake wote. Mama akampa ungo, akachukua kile kitufe.

"Na yule binti wa duka la vitambaa, unamleta lini nyumbani?"

Taratibu akainamia njegere kwa haya, kisha akacheka hadi magego yakaonekana. Tik.

Mwezi uliopita, wasikilizaji wapendwa, Taratibu aliugua kifua, akafariki. Ndugu walitafuta picha yake ya kuweka msibani. Wakapekua kila boksi. Nyuso za mtaa mzima zilikuwemo, ya kwake hakuna. Ila ile moja, ya njegere.

Ikawekwa mlangoni. Nesi mkuu alipoiona alicheka, machozi yakimtoka. Na kila aliyeingia, mama alimwambia, kichwa juu: "Hiyo nimepiga mimi. Kazi kanifundisha mwanangu."

Tunawapa pole mama, ndugu, na binti wa duka la vitambaa. Tutulie kidogo, tumfikirie yule wa nyumbani kwetu anayetupiga picha sisi sote. Mama anawaonya wenye kamera, na wenye watoto pia:

Usimwambie mtu atabasamu.
Usimhesabie moja, mbili, tatu.
Usimcheke meno wala kipara.
Usimwache na mikono mitupu.
Usishike maneno ya sokoni kabla hujaenda kuona.
Usimwache mpiga picha bila picha yake.