Dakika Nilizoziandika Uongo

Ndugu zangu, nimeombwa niseme machache, na mnanijua, machache siyawezi. Mnivumilie.

Mimi ni dresa, mfunga vidonda. Nililetwa hospitali ya Lamu kutoka bara, baada ya uhuru, na kilichoniponza ni mwandiko mzuri. Cheti cha mgonjwa nilikiandika kama kadi ya harusi, basi nikawekwa mlangoni kuandikisha wagonjwa.

Wakati huo daktari wetu alikuwa na utafiti wake. Alitaka kujua kwa nini majeruhi wengine wanapona na wengine wanaharibikiwa, ilhali dawa ni zile zile. Akatupa daftari: mgonjwa amefika saa ngapi, ameguswa, yaani ameanza kutibiwa, saa ngapi, ametokaje.

Adhuhuri moja akaletwa fundi wa majahazi kutoka Matondoni, juu ya punda. Tezo la kuchongea mbao lilikuwa limemkata mguu. Mkewe aliufunga kwa leso, na leso inachuruzika damu.

"Bwana, mume wangu yuwafa!"

"Jina la baba yake?" nikamwuliza. "La babu yake? Mtaa?" Halafu nikawaambia wasubiri zamu yao.

Ndiyo, mimi huyu. Msinitazame hivyo, nimeshajitazama vya kutosha.

Walikaa karibu saa nzima, hata akazimia. Uhai ulibaki, mguu ukakatwa. Nami daftarini nikaandika: ameguswa papo hapo. Na kila nilipochelewa tena, niliandika vivyo hivyo.

Miezi ikapita, daktari akatukusanya. "Nilidhani kusubiri ndiko kunakowaumiza," akasema. "Lakini hawa waliguswa papo hapo na bado wameharibikiwa. Basi utaratibu wa zamu ubaki."

Jamani! Kwa uongo wangu, wengine wangekalishwa vile vile huku damu inawatoka. Nikasimama, nikasema yote mbele ya wenzangu. Daktari akanipa kalamu. "Sahihisha. Halafu nenda Matondoni."

Nikaenda. Nilipomaliza kusema, Bi yule, mke wa fundi, akaniambia, "Nayua, bwana. Kwani mimi sikuwako?" Akalia, nami nikalia. Kisha akanipakulia wali, akanigombeza nile, eti nimekonda. Fundi aliuliza jambo moja tu: daftari sasa lina ukweli? Nikamwambia linao.

"Basi ajaye asikalishwe," akasema.

Na hakalishwi. Siku hizi anayetokwa damu hufungwa kwanza, maandishi baadaye. Nyinyi mnaoanza kazi, nawaambia: ukichelewa, andika kwamba umechelewa. Daktari harekebishi asichoonyeshwa.

Namshukuru daktari, hakunifukuza. Namshukuru Bi kwa wali ule. Mguu wa fundi sikuurudisha, na nikimwona na gongo lake sokoni moyo hunichoma. Naye hunipigia kelele mbele ya watu wote: "Dresa wangu!" Wangu, asema. Ndugu zangu, nisaidieni kumshukuru mtu huyo, maana mimi peke yangu nimeshindwa.