Pigo la Tatu la Juliana wa Matombo

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, epua kwanza, uje usikilize. Leo tunamkumbuka Juliana, mpiga ngoma wa bendi ya matarumbeta kule Matombo. Juliana, aliyetutoka mwezi uliopita.

Bendi yao ilikuwa inajifunza simfoni. Ndiyo, simfoni, ya mtunzi mmoja wa Ulaya, wa mwanzoni mwa karne iliyopita! Sehemu yake ya tatu inafunguliwa na ngoma peke yake: mapigo matatu ya taratibu, kimya, mapigo matatu. Sasa balaa hilo. Kijijini kwao, ngoma ya kigango, kanisa lao dogo, ikilia hivyo, kuna msiba. Na bendi haikuwa na ngoma nyingine ila hiyohiyo.

Siku ya kwanza ya mazoezi, jirani yake Mwaisha alitupa jembe akakimbia. Kufika kanisani, wanawake wameshajitwika kuni za msibani, wengine wanalia. Juliana yuko pale, mzima, fimbo ya ngoma mkononi.

"Mama wee, mmekuja kunililia mimi?" aliuliza, akacheka.

Mwaisha hakucheka. Alikaa chini palepale. "Shoga yangu, huko ni kujiitia kifo. Iache."

Hakuiacha. Kila jioni, mapigo matatu. Watu wakazoea. Mwaisha hakuzoea, ngoma ikilia tu, anaacha kazi, anahesabu mapigo! Na Juliana mwenyewe aliogopa, wasikilizaji. Alimnong'oneza Mwaisha: "Naogopa siku nikifa kweli mtasema ni mazoezi. Mume wangu Yeremia atakaa na maiti peke yake."

Asubuhi moja ngoma ikalia. Watu wakaendelea kupalilia. "Si akina Juliana hao," walisema.

Mwaisha alikuwa anamenya ndizi. Pigo la kwanza. La pili. La tatu likachelewa. Kisu kikamdondoka.

"Juliana hachelewi kamwe," anasimulia. "Nikajua anayepiga ni mumewe."

Alikimbia njia nzima akipiga yowe: "Si mazoezi! Jamani, si mazoezi!" Majembe yakatupwa, kuni zikabebwa. Yeremia alipoinua macho kutoka kwenye ngoma, uwanja ulikuwa umejaa watu.

Makaburini bendi ilipiga ile sehemu ya tatu ya simfoni. Yale mapigo ya mwanzo waliyaacha kimya.

Pole sana, mzee Yeremia. Poleni ndugu wote wa Matombo. Nasi tuliobaki, tujiulize: jirani yako pigo lake likichelewa, wewe utasikia?