Mzee Sifa na Maboksi ya Tangawizi

Mheshimiwa Mkurugenzi, Bwana Wakala wa Forodha uliyekubali kuwa mgeni wetu rasmi, Mama mwenye mume tunayemuaga leo, ndugu zangu wa chumba cha kufungashia, na wewe dada uliyenishikia mtoto hapo nyuma: nawasalimu nyote kwa heshima, wakubwa kwa ukubwa wenu na wadogo kwa uvumilivu wenu. Mtoto anaota meno, sijalala vizuri, kwa hiyo nikipoteza sentensi njiani mnisaidie kuitafuta.

Tunamuaga karani wetu wa mizigo ya nje, ambaye humu ndani hatumjui kwa jina lingine ila Mzee Sifa. Nani asiyejua kwa nini? Juisi yetu ya tangawizi aliibuni yeye mwenyewe, jikoni kwake, akiungua vidole na kumuunguzia Mama sufuria. Kwake si bidhaa, ni kitinda mimba wake. Na ni mzazi gani atakayemtaja mwanawe mbele za watu bila kumsifu?

Tatizo ni kwamba watu wa forodha hawaji kuposa. Wanataka tu kujua kilichomo.

Mnakumbuka wale wanunuzi wa ng'ambo walipotaka sampuli. Mkurugenzi alitwambia waziwazi: chupa zisipofika kabla ya siku yao ya kuonja, hakuna oda, na bila oda chumba cha kufungashia kinafungwa. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimetoka likizo ya uzazi. Nilimtazama mwanangu akinyonya bila wasiwasi, nikasema moyoni, nyonya baba, sote wawili tunaitegemea tangawizi.

Mzee akajaza fomu. Palipotakiwa maelezo ya bidhaa, akaandika: "Kinywaji kisicho na mfano, kinachotuliza tumbo, kuchangamsha damu na kumrudishia mzee ujana wake." Watu wa forodha wa kule wakasoma kwa makini, wakalizuia boksi, wakajibu kwa adabu: hii ni dawa, tunaomba kibali cha dawa na jina la daktari.

"Daktari wa nini?" Mzee akafoka. "Mimi si nipo?"

Tukatuma boksi la pili. Safari hii fomu ilikuwa safi hata nikampongeza. Kumbe sifa alizozitoa kwenye fomu alikuwa amezihamishia ndani ya boksi, kwenye barua ya salamu kwa mpokeaji: ukinywa hii, ndugu, utamsahau daktari. Boksi likafunguliwa, barua ikasomwa, na boksi likawekwa kando ya mwenzake.

Hapo Bwana Wakala akatupigia simu. "Jamani, waambieni ni kitu gani. Msiwaambie kikoje!"

Basi nikamkalisha Mzee mezani, mtoto nikiwa naye mgongoni, nikamuuliza kama ninavyomuuliza kaka yake huyu mtoto akirudi nyumbani mdomo umejaa.

"Baba, hiki ni nini?"

"Ni fahari ya kiwanda..."

"Ni nini?"

"Juisi."

"Ina nini ndani?"

"Maji, tangawizi, ndimu, na mapen..."

"Baba!"

"Na sukari."

"Ni ya kuuza?"

"Ya kuonja tu."

"Haya, andika hivyohivyo."

Akaandika kalamu ikimgomea, kisha akanitazama kwa uchungu. "Binti yangu, umemvua mwanangu nguo hadharani."

Nikamwambia, "Baba, hata kliniki mtoto huvuliwa nguo ndipo apimwe. Akishapimwa utamvika."

Boksi hilo la tatu likapita bila swali. Wanunuzi wakaonja, wakaagiza, na kelele za chupa mnazozisikia nyuma ya ukuta huu ni za chumba ambacho hakikufungwa. Sasa niwaulize: ni wazee wangapi wenye mvi wangekubali kukatizwa maneno na binti mwenye madoa ya maziwa begani? Yeye alikubali. Alizimeza sifa zake ili sisi tupate cha kumeza.

Leo kalamu ile amenikabidhi mimi, na wenzangu wakanipa kazi ya kwanza: niandike maelezo yake mwenyewe, kwa kanuni ileile, ni nani, bila kusema yukoje. Nimejaribu. Nimeandika, "Mzee mmoja. Karani. Anastaafu." Nikashindwa kuishia hapo. Mkono ukaendelea wenyewe: hana mfano, hutuliza chumba chenye ugomvi, huchangamsha damu za waliochoka, na mama aliyekesha na mtoto humrudishia ujana wake.

Najua, Bwana Wakala, kwa maelezo haya hakuna forodha itakayompitisha. Ndivyo tunavyotaka. Azuiwe hapo mlangoni, aombwe kibali, na wakati kibali kinatafutwa, tukae naye kidogo.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Dada, nimeshamsikia, nipe mwanangu.