Mbegu Nilizosema Nimenunua Farsta

Nilizileta mimi. Naanza na hilo nisije nikapata nafasi ya kulizunguka, maana kwa miaka minne nimelizunguka kwa ufundi mkubwa. Zile mbegu za viazi ambazo wengi wenu mliniuliza nimezitoa wapi, nami nikajibu kwamba nimenunua duka la bustani pale Farsta, hazikutoka duka lolote. Zilitoka Njombe, shambani kwa mama yangu, zikapita uwanja wa ndege ndani ya soksi za mume wangu. Mume wangu mwenyewe alidhani amebeba soksi.

Ndugu zangu, mwenyekiti wa kikundi chetu aliniomba niseme neno kabla hatujaanza kupanda mwaka huu. Aliomba dakika kumi za "uzoefu". Nadhani alitarajia nizungumzie mbolea.

Mnajua bustani zetu za huku Uswidi zilivyo. Vipande vimepangwa bega kwa bega, mpaka ni kamba tu, na foleni ya kuvisubiri ni ndefu kiasi kwamba watu huandikisha jina kisha wakasahau kama waliandikisha. Jirani yangu wa kushoto, ambaye sitamtaja ingawa yumo humu ukumbini na nimemwona akichukua chapati ya pili, ni mama wa Bukavu. Alisubiri kipande chake miaka sita. Anasafisha maofisi alfajiri, na akitoka huko hupitia bustanini kabla hajaenda kulala. Nawaambia hivyo mwelewe kwa nini kila nilipomwona asubuhi alikuwa na macho mekundu, anapita kati ya mistari ya viazi na chupa ya kunyunyizia mkononi, anageuza jani mojamoja na kunong'ona. Mtu mwenye nia njema angeona mama aliyechoka. Mimi nina shahada mbili, kwa hiyo niliona ushahidi.

Mwaka wa kwanza viazi vyangu vilitoka vizuri, mkavila hapahapa, mkasifia. Mwaka wa pili vikapungua. Wa tatu majani yakaanza kujikunja na kufanya makunyanzi, yana mabaka ya njano na kijani kama ramani, na mmea ulioishia gotini ukaanza kuishia kwenye kifundo cha mguu. Nilipochimba, kiazi kikubwa kuliko vyote kilikaa kwenye kijiko cha chai. Ng'ambo ya kamba, vya jirani vilikuwa vimesimama wima, majani yanang'aa.

Lazima niseme kwa nini iliniuma hivyo. Mama yangu alifariki mwaka uleule niliovileta. Shamba likagawanywa, likapandwa maparachichi. Viazi vilivyokuwa kwenye kipande changu ndivyo vilivyobaki vya shamba lile, duniani kote. Basi vilipoanza kudumaa sikuwaza ugonjwa. Niliwaza ni nani ana nia mbaya navyo.

Nilifungua daftari. Niliandika saa anayofika, saa anayoondoka, mahali anapoinama. Nilisogeza benchi langu ili nione vizuri. Mume wangu alilikuta daftari juu ya meza, akasoma kurasa mbili akiwa amesimama.

"Hapa umeandika 'amekohoa mara mbili, akiangalia upande wetu'."

"Alikohoa kweli."

"Mke wangu, miaka ishirini na mbili uko nchi hii. Kwenye treni hujawahi hata kumtazama mtu usoni. Leo unapeleleza kikohozi?"

Nilimpokonya daftari. Nilianza kumshuku naye.

Kiangazi kilichopita, mwanzoni mwa Juni, jirani akaja mpaka kwenye kamba. Alisema kwa upole kabisa, na upole wenyewe niliushuku.

"Mama, hii yako iko mgonjwa. Itoe."

"Ni aina yake. Majani yake ndivyo yalivyo."

"Aina gani?"

"Ya dukani."

Akaitazama, akanitazama. "Duka ya wapi inauzisha mgonjwa?"

Wiki tatu baadaye nilifika bustanini mapema kuliko kawaida nikamkuta ndani ya kipande changu. Si karibu nacho, ndugu zangu, ndani. Alikuwa na mashina manne mkononi, mizizi juu, anayatia kwenye mfuko mweusi wa plastiki.

"Unafanya nini shambani kwangu?"

"Natoa ya ugonjwa, mbele haijaambukiza yangu. Kwetu tulifundishwa hivyo. Ukiona moja, unatoa siku ile ile."

"Nani amekuruhusu?"

"Nilikuambia mwanzo wa mwezi, ukasema iko muzuri. Sasa angalia mustari wangu wa mwisho, ule wa karibu na weye. Imeanza."

Sikuangalia mstari wake wa mwisho. Nilitoa simu nikampiga picha, yeye na mfuko wake. Jioni nilikaa nikaandika barua kwa halmashauri ya chama cha bustani, nikiomba anyang'anywe kipande. Kiswidi changu cha ofisini kina adabu sana. Kinaweza kumwita mtu mchawi bila kulitumia neno hilo. Niliandika "vitu visivyojulikana". Niliandika "mwenendo unaojirudia asubuhi". Niliambatanisha picha.

Halmashauri ikapanga kikao, Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Jirani akapewa nakala ya barua, kama sheria yao inavyotaka. Siku ya pili alinisubiri kwenye kamba.

"Unanizania mimi niko mulozi?"

"Sijasema hivyo."

"Binti yangu amenisomea. Neno haiko, lakini iko mule." Hakupaza sauti. "Miye nilikimbia vita, mama. Kwa hii inchi sina kitu inaitwa yangu, ila hiki kipande. Na weye unaniondoa sababu ya viazi."

Ningependa kuwaambia kwamba hapo ndipo nilipoamka. Hapana. Nilirudi nyumbani nikaandika kwenye daftari kwamba amenitisha.

Kilichobadilisha mambo ni mtaalamu wa mimea ambaye halmashauri ilimwita kabla ya kikao, mama wa Kiswidi wa makamo, viatu vina matope, hana haraka. Kwanza alinusa ile chupa ya kunyunyizia. "Maji ya sabuni, ya kuua wadudu," akasema. Kisha akageuza jani langu moja akaniita nitazame. Chini yake kulikuwa na wadudu wa kijani, wadogo kuliko punje ya ufuta, wamejipanga kama watu kwenye foleni ya hospitali. Vidukari. Nilikuwa nimevipita miaka minne nikiwa nachungulia ng'ambo.

Alinieleza kwamba mdudu mwenyewe si msiba mkubwa. Msiba ni virusi anavyobeba. Akichoma jani gonjwa kwa mdomo wake, kisha akarukia jani zima na kulionja tu, kazi imekwisha, na dawa ya wadudu haimwahi.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuvileta," nilisema, bado nina tumaini.

"Mdudu anaweza. Au mbegu. Mbegu umetoa wapi?"

"Dukani."

"Unayo stakabadhi?"

"Nilitupa."

"Na kila mwaka unanunua upya?"

"Natunza vyangu. Vikubwa tunakula, vidogo napanda."

Hapo aliandika kitu kirefu. Baadaye ndipo nilipoelewa. Mmea mgonjwa ndio unaozaa vidogo. Kwa hiyo kila mwaka nilikuwa nachagua wagonjwa kwa mkono wangu na kuwapa nafasi ya mbele. Mama alifanya hivyo, na mama yake pia. Mmoja wenu hapa asiyefanya hivyo ainue mkono. Naona mmoja, huyo anayekula chapati.

Mtaalamu akauliza kama nimebakiza mbegu ambazo hazijapandwa. Nilikuwa nazo, kwenye stoo chini ya jengo letu, zimeota vichipukizi virefu vyeupe. Akaniambia nizipande kwenye vyungu dirishani jikoni, nizifunike kwa pazia la neti, asiingie mdudu wala mtu. Baada ya wiki tano akaja kuchuma majani: ya dirishani, ya bustanini kwangu, na ya jirani, mstari kwa mstari. Akayapeleka maabara. Wiki hizo tano niliufunga mlango wa jikoni kwa ufunguo. Mume wangu alikuwa akibisha hodi ili apate chai.

Simu ilipigwa Alhamisi, siku mbili kabla ya kikao. Kabla sijawaambia ilisema nini, nishukuru, kwa sababu nikishamaliza hiyo simu sitakuwa na la kusema.

Namshukuru mume wangu, aliyelisoma daftari lote na bado analala upande uleule wa kitanda. Nawashukuru ninyi mlioniambia kwamba nimezidisha, ingawa wakati ule niliyaandika majina yenu. Namshukuru yule mtaalamu. Na namshukuru jirani yangu, ambaye kipande chake bado ni chake, na mwaka huu amenichagulia mahali pa kununua mbegu na kunisimamia nikilipa, kama mzazi anayempeleka mtoto kununua viatu vya shule.

Somo ninalo, na ni la kilimo tu, kwa sababu la tabia mmeshalipata. Nunueni mbegu iliyopimwa, kila mwaka. Msitunze vidogo. Geuzeni majani, hasa kuanzia Juni. Tandazeni nyasi kavu kati ya mistari mapema, vidukari vinapata shida kuona pa kutua. Mmea wenye mabaka ng'oeni siku hiyohiyo, na usiende kwenye mboji, uende kwenye mfuko uliofungwa. Na mkimkuta mtu anang'oa mmea mgonjwa shambani kwenu, kwanza tazameni kilichomo mkononi mwake.

Basi, simu. Nilikuwa nimesimama jikoni karibu na vile vyungu. Mtaalamu alisema majibu yametoka. Bustanini kwangu karibu kila mmea una virusi. Kwa jirani viko mstari mmoja tu, ule unaopakana na mimi; mingine yote ni mizima.

"Na ya dirishani?" niliuliza.

"Yote minne."

Nilivitazama vile vyungu. Akaendelea taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mimea ya dirishani haikuwahi kufika bustanini. Haikukutana na mdudu, wala chupa, wala jirani. Ugonjwa ulikuwa ndani ya kiazi. Hawezi kujua kama ulisafiri nacho au ulikipata hapa miaka ya kwanza, lakini umo, na umekuwa ukirithiwa. Kisha akauliza tena, bila ukali, swali alilokuwa ameshaniuliza.

"Mbegu ulitoa wapi?"

"Kwa mama yangu," nilisema. "Tanzania. Nilizificha kwenye sanduku. Mama amefariki, hakuna nyingine."

Upande wa pili nilisikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Pole," akasema. "Hayo ya sanduku yamekatazwa, nitalazimika kuyaandika. Lakini kwanza vyote ving'olewe, na vya dirishani pia. Usibakize hata kimoja."

"Sawa."

"Na jirani yako bado hajui majibu. Nataka ayasikie kutoka kwako kabla hajaipata barua yetu."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Nikasema Jumamosi, kwenye kikao.

"Leo," akasema, akakata.