Mzee Geji na Mpira wa Urefu wa Kidole

Miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kadhaa: huo ndio muda ambao fundi mkuu wetu, Mzee Geji, amefanya kazi chini ya paa la karakana hii. Ijumaa tarehe 28, saa kumi jioni, atatundika ovaroli yake kwenye msumari ule ule, na safari hii hatarudi kuichukua. Uongozi umeniomba mimi, fundi wa pili, niandike maneno machache ya kupendeza. Wenzangu hapa huniita Bi Wasiwasi, kwa hiyo mjiandae.

Alianza kama mwosha vipuri. Alikuwa akikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akisugua kabureta kwa mswaki, na inasemekana siku moja mswaki huo ulisafiri naye mfukoni hadi nyumbani. Yaliyofuata anayajua mkewe. Enzi za kabureta zilipopita na magari ya injekta yakaanza kuingia, mafundi wengi waliyakimbia. Yeye alitafuta geji ya kupima presha ya mafuta, akashinda nayo mkononi hadi akapewa jina lake. Tangu hapo amefundisha mafundi kumi na mmoja. Mimi ni wa tisa, na kwa maneno yake mwenyewe, ndimi niliyemchosha kwa maswali kuliko wote.

Chombo chake cha pili ni jagi la plastiki lenye mistari ya kupimia, alilolichukua jikoni kwake bila kuomba. Mkewe alilitafuta wiki mbili. Alipolikuta hapa limejaa petroli hakupiga kelele. Alilitazama jagi, akamtazama mumewe, akamtuma dukani kununua jingine papo hapo na ovaroli yake mwilini.

Kwa geji na jagi hilo alitufundisha kanuni moja: usibadilishe kifaa kabla hujapima presha ya mafuta, wingi wake, na umeme unaofika kwenye pampu. Na ulipime gari likiwa linateseka, maana likipumzika kila gari ni zima. Kompyuta ya uchunguzi ilipoletwa tulidhani atanuna. Aliisoma kwa heshima zote, kisha akasema sasa tuiulize na petroli yenyewe.

Ningeishia hapo mngenipigia makofi. Mzee mwenyewe alinisihi niishie hapo. Lakini kuna jambo la wiki tatu zilizopita ambalo bado linaninyima raha, na siwezi kumuaga huku nimelimeza.

Mnalijua lile gari jekundu la zamani, la milango miwili, lenye turbo, ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada, la yule mama mkunga. Alilirithi kwa kaka yake, na huliogesha kama mtoto. Siku hiyo lililetwa likiwa limebebwa. Mwenyewe alikuwa amejaribu kulipita trela mlimani, binti yake wa miaka saba akiwa kiti cha pembeni. Alikanyaga mafuta hadi mwisho, na katikati ya kupita, gari likaishiwa nguvu. Mbele lilikuwa linakuja lori. Dereva wa trela alifunga breki akampisha, na ndiyo sababu pekee ya wawili hao kuwa hai.

Pampu ya mafuta ya gari hilo niliibadilisha mimi, miezi minane kabla.

Likiwa limesimama linanguruma, geji ilionyesha presha safi kabisa. Fundi umeme akasema tatizo ni koili inayotoa cheche. Mimi, kwa kutamani sana isiwe kazi ya mkono wangu, nikasema koili, naam, koili tu. Mzee Geji hakubishana na mtu. Aliiunga geji kwa mpira mrefu, akaipitisha juu ya boneti na kuibana chini ya waipa, nje ya kioo, petroli isije ikatuingilia ndani. Tukaenda kwenye ile barabara ya mlima isiyo na magari, mimi nikiendesha. Turbo ilipoanza kupuliza, presha ya mafuta ilipaswa kupanda. Mshale ukashuka. Akaniamuru niachie mafuta haraka, maana injini ya namna ile ikikosa petroli huku imekazwa huunguza pistoni zake yenyewe.

Tuliporudi alipima umeme kwenye pampu, ukawa wa kutosha. Ikabaki zamu ya jagi. Alichomoa bomba linalorudisha mafuta kwenye tangi, akaliingiza humo, akaiendesha pampu kwa sekunde thelathini. Tulitarajia lita moja. Ikaja nusu na kidogo. Basi yaliyobaki yalikuwa yanapotelea ndani ya tangi lenyewe, kabla hata ya kutoka.

Nilijua kabla hajafungua. Ndani ya tangi, pampu huungwa na bomba kwa kipande cha mpira chenye urefu wa kidole. Stoo tuna mafungu mawili ya mpira, yote meusi, yote ya petroli. La kwanza ni la kupitisha petroli ndani yake tu. La pili linavumilia kuzama ndani ya petroli siku zote. Mimi nilikata kutoka fungu la kwanza. Kipande kilikuwa kimevimba, laini kama mkate uliolowa, kimechanika chini ya klipu. Ukiendesha polepole, mafuta yaliyosalia yalitosha. Ukikanyaga, presha iliupanua mpasuko, yakapungua. Na kadi ya kazi ilikuwa na sahihi yangu, nzuri, yenye kimkia.

Mzee Geji alikipangusa, akakifunga kwenye kitambaa safi, akanikabidhi. Mama mkunga alikuwa anasubiri mapokezi na binti yake. Nilimwomba Mzee aende yeye, kwa kuwa ana mvi na watu humsikiliza. Akakataa.

"Mimi nitasimama karibu," alisema. "Maneno ni yako, binti yangu."

Nikamweleza mama yule kila kitu, bila kuruka. Alikigeuzageuza kile kipande, akauliza kama ni hiki ndicho kingewaua. Nikajibu ndiyo, mama. Binti yake alikuwa anahesabu vigae vya sakafu kwa sauti, na alifika arobaini na moja. Kisha mama akamgeukia Mzee Geji, akauliza ni nani atakayelitengeneza. Mimi nilishaanza kuvua glavu.

"Huyu huyu," akasema Mzee. "Leo huwezi kupata fundi atakayeufunga mpira huo kwa makini kumshinda."

Niliufunga. Nilipima mara tatu, jagi likajaa hadi mstari wake. Tukarudi mlimani, geji chini ya waipa, na mshale ukapanda pamoja na turbo kama inavyotakiwa. Nilimgeukia nimwonyeshe. Alikuwa amefumba macho, nikadhani anasali. Kumbe amelala fofofo.

Lile fungu la kwanza nimelipaka rangi nyekundu na kulihamishia rafu ya peke yake. Hilo nimeweza. Ninachoogopa ni Jumatatu, nitakapofungua tangi la mtu na hakuna anayesimama karibu. Nimekiri hapa ili mtakaokuja baada yangu mjue kwamba fundi huyu mnayempigia makofi hakuwahi kumficha mtu nyuma ya mgongo wake, wala kumsukuma mbele peke yake.

Jana mama mkunga alipiga simu kuweka nafasi ya ukaguzi. Nikaharakisha kumwambia kwamba Mzee Geji anaondoka Ijumaa, kwa hiyo alete gari mapema. Akasema habari hizo anazo. Alichotaka kujua ni kama mimi nitakuwepo Jumatatu.

Asante, Mzee Geji, kwa niaba ya karakana nzima. Geji na jagi ulivyoniachia nimeshavikagua, mara mbili, viko salama. Msalimie mama nyumbani, ulale utakavyo, na maisha yakuendee vyema. Mimi Jumatatu nitakuwepo.